Nani Yuko Nyuma ya Nguo? Mchezo wa Vivuli wa China na Sanaa ya Wakulima

Katika lugha ya siasa neno "karagosi" limetumika sana. Wakati wa mapambano ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika lilisikika redioni na kwenye mikutano ya hadhara, na kila msikilizaji alielewa maana yake: ni mtu au serikali isiyokuwa na nia yake yenyewe, inayosogezwa na mkono wa bwana aliyejificha. Ni wachache waliojiuliza neno hili limetoka wapi. Asili yake ni Uturuki, nalo limetufikia kwa njia ya Kiarabu. Karagöz, maana yake "jicho jeusi", ni jina la mhusika mkuu katika mchezo wa vivuli wa Waturuki. Ni mtu wa hali ya chini, mwenye njaa na ulimi mkali, aliyekatwa katika ngozi, na kivuli chake huonekana juu ya nguo nyeupe akibishana na jirani yake Hacivat, ambaye hujiona msomi. Kwa hiyo tusi tumelipokea, na mchezo wenyewe wengi wetu hatujauona. Tena hata tusi hilo halimtendei haki Karagöz, kwa sababu hakuwa kibaraka wa mtu. Alikuwa mdomo wa watu wa mitaani, akisema mbele ya wakubwa yale ambayo wao wenyewe wasingethubutu kuyasema.

Makala haya yametokana na swali tuliloulizwa Kalinzi, katika Wilaya ya Kigoma, kwenye ile milima ya migomba na mibuni ambayo barabara ya kutoka Mwandiga kwenda Manyovu huipitia kabla ya kukaribia mpaka wa Burundi. Tulikuwa tumekaa na kikundi cha vijana wanaoimba na kucheza ngoma kwenye mikutano ya wakulima wa kahawa. Mazungumzo yalihusu urafiki wa Tanzania na China, nasi tulikuwa tumejiandaa kueleza mkataba wa urafiki wa mwaka 1965, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na kiwanda cha nguo cha Urafiki. Kijana mmoja akasema kwa heshima kwamba hayo wameyasoma shuleni. "Lakini ndugu zetu," akauliza, "hawa Wachina wengi wao walikuwa wakulima kama sisi. Kabla ya televisheni, jioni wakisharudi shambani, walikuwa wanatazama nini?"

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko hotuba tuliyokuwa tumeiandaa. Tutajitahidi kulijibu hapa, kwani ndani yake limo jambo kubwa zaidi: katika kila sanaa inayomfikia mkulima, nani yuko nyuma ya nguo?

NGOZI NA TAA

Wachina huuita mchezo huu piyingxi, yaani mchezo wa vivuli vya ngozi. Msingi wake hauna siri. Kila mtoto aliyekulia katika nyumba ya koroboi anaujua: weka mkono kati ya mwali na ukuta, kunja vidole, na ukutani atatokea sungura au mbwa anayebweka. Wachina waliongeza mambo mawili tu. Kwanza, mahali pa ukuta waliweka nguo nyeupe iliyowambwa, ili mtazamaji akae upande mmoja na mchezaji awe upande wa pili pamoja na taa. Pili, mahali pa mkono waliweka sanamu ya ngozi iliyo nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, ili kivuli kisiwe cheusi bali kiwe na rangi, kama kioo cha rangi kinavyong'aa juani. Jambo hili la pili ndilo lenye kazi.

Katika mkoa wa Shaanxi hutumika zaidi ngozi ya ng'ombe, na huko Tangshan katika mkoa wa Hebei ngozi ya punda. Atakayeielewa kazi hii upesi ni fundi wa ngoma. Yeye huloweka ngozi, huikwangua manyoya na mabaki ya nyama, huiwamba na kuiacha ikauke. Fundi wa vivuli huanza vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba fundi wa ngoma huacha ngozi ikishakuwa safi na yenye nguvu ya kuhimili kupigwa, lakini fundi wa vivuli huendelea. Huikwangua pande zote mbili, huilowesha tena, huiwamba tena kwenye fremu na kuikwangua tena, siku baada ya siku, mpaka akiinyanyua mbele ya taa aone mwanga ukipenya kama unavyopenya jani changa la mgomba. Akikwangua pungufu kivuli kitakuwa giza tupu, na akizidisha ngozi itatoboka na kazi yote itakuwa imepotea.

Ngozi ikishakuwa tayari huchorwa kwa ncha ya sindano, kisha hukatwa kwa visu vidogo vya aina nyingi, vingine vyenye makali bapa na vingine ya mviringo. Mafundi wa Shaanxi wana mtindo wao: kisu hushikwa kwa mkono mmoja bila kukisogeza sana, na ngozi ndiyo inayosukumwa kuelekea kwenye makali. Sanamu moja yenye mapambo mengi huweza kuhitaji mikato zaidi ya 3,000. Baada ya hapo hutiwa rangi, hasa nyekundu, kijani, manjano na nyeusi, na hukandamizwa kwa joto ili unyevu utoke, rangi ishike na ngozi isijikunje. Mwisho hupakwa mafuta yanayoizidishia ung'avu.

Sanamu ya kawaida ina vipande 11: kichwa, kifua, kiuno, miguu miwili, na mikono ambayo kila mmoja una vipande vitatu. Vipande hivi huunganishwa kwa uzi kwenye viungo. Vijiti vitatu vinatosha kuipa uhai: kimoja karibu na shingo, na viwili kwenye viganja. Miguu haina kijiti. Hufuata mwendo wa mwili kwa uzito wake yenyewe, na ustadi wa mchezaji hupimwa kwa namna anavyoweza kuifanya miguu hiyo itembee, ipige magoti au ikimbie. Kichwa huchomolewa. Kwa hiyo kikundi huwa na vichwa vingi kuliko viwiliwili, na mwili uleule wa afisa leo huweza kubeba kichwa cha mfanyabiashara kesho. Wazee wa huko walikuwa na imani kwamba usiku lazima vichwa vitengwe na miili, wasije wakaamka na kutembea. Sisi tunaona pia kwamba sanamu iliyotenganishwa haichukui nafasi kubwa sandukuni, lakini hatuna haja ya kubishana na wazee kwa ajili ya jambo hilo.

Nyuso zina kanuni. Kwa jumla uso wa mtu mwadilifu hukatwa ndani wote ukabaki mstari wa paji, pua na kidevu, hivyo mwanga hupita moja kwa moja. Uso wa mjanja au katili huachwa na ngozi yake, ukajazwa rangi na mikunjo. Maandishi ya enzi ya Song (960–1279) yanayoeleza burudani za mijini yanataja tayari kwamba waaminifu hutengenezewa sura njema na waovu sura mbaya. Faida yake ni dhahiri: mkulima aliyeketi mbali, ambaye hakuwahi kuingia shule, alimtambua adui mara alipotokea kwenye nguo. Hata hivyo tuseme wazi kwamba hapa sanaa hii ina udhaifu. Mlanguzi wa kweli hafiki kijijini akiwa na uso wa rangi. Anafika na sura njema, tena mara nyingi ni shemeji wa mtu.

WATU WATANO NA MZIGO WA KUBEBEKA

Hebu tutazame kikundi kinavyofanya kazi. Huko Huazhou, mkoani Shaanxi, kikundi kamili kilikuwa na watu watano. Mmoja ndiye mwimbaji, naye huzungumza na kuimba sauti za wahusika wote, mfalme na mtumwa, mama na mtoto, huku akipiga ala. Wa pili hushika vijiti, na katika tukio la vita huweza kuendesha sanamu kadhaa kwa vidole kumi tu. Wa tatu hupiga fidla ya Kichina. Wa nne hupiga vyombo vya kugonga. Wa tano humsaidia mshika vijiti, humpangia sanamu kwa zamu yao na kujaza pengo lolote linalotokea. Mpaka Hebei mtindo hubadilika. Huko Tangshan waimbaji husoma kutoka katika vitabu vya mchezo vilivyoandikwa kwa mkono, na mwanamume anayeimba sehemu ya mwanamke hubana koo lake kwa vidole ili sauti ipande.

Watu hawa walikuwa nani? Wengi wao walikuwa wakulima. Walilima msimu wa kilimo, na mavuno yakishaingia ghalani walibeba masanduku yao wakaenda kijiji hadi kijiji. Sanamu zina urefu wa sentimita 30 hivi, nguo hukunjwa, taa ilikuwa ya mafuta na jukwaa lilikuwa meza na mbao za kuazima. Waliitwa kwenye harusi, mtoto anapozaliwa, mzee anapotimiza umri mkubwa, kwenye sikukuu ya hekalu, au mvua inapokawia. Hadithi zilikuwa zilezile zilizopendwa kote China: vita vya Falme Tatu, safari ya mtawa na yule mfalme wa nyani kwenda magharibi, mwanamke aliyekuwa nyoka mweupe. Mchezo ulianza giza likiingia na uliweza kuendelea mpaka alfajiri.

Hapa ndipo penye jambo la kuzingatiwa na mtu yeyote anayejifunza nadharia ya utamaduni. Zana zote za uzalishaji katika sanaa hii, yaani ngozi, visu, sauti na mikono, zilikuwa mali ya wazalishaji wenyewe. Ujuzi ulikaa kijijini. Tena nguo haikumzuia mtu. Mtoto aliyetaka kujua mfalme anatembeaje aliweza kuzunguka nyuma na kumwona jirani yake, mtu wa kawaida mwenye udongo kwenye kucha, akimwendesha mfalme huyo kwa vijiti vitatu. Mtoto aliyeona hivyo alikuwa amejifunza jambo juu ya wafalme.

Lakini tusiifanye sanaa ya wakulima kuwa malaika. Anayelipa ndiye anayechagua wimbo, na mara nyingi mlipaji alikuwa kabaila mwenye ardhi au wazee wa hekalu. Ndiyo maana michezo mingi ilisifu majenerali, ilifundisha utii kwa mfalme, na ilimweka mwanamke mahali pa kulia na kungoja. Ukombozi ulijificha pembeni, katika maneno ya mchekeshaji. Yeye alizungumza lugha ya kijijini, akataja bei ya nafaka na mkusanya kodi, na watazamaji wakacheka kwa sababu walijua anamsema nani.

WATAWALA NA TAA ZA USIKU

Ipo hadithi maarufu kwamba mchezo huu ulianzia katika jumba la mfalme Wu wa enzi ya Han, aliyetawala kuanzia mwaka 141 hadi 87 kabla ya Kristo. Mke aliyempenda alifariki, na mganga mmoja akamwonyesha umbo lake nyuma ya pazia kwa mwanga wa taa. Ni hadithi nzuri, nasi hatuijengi hoja juu yake. Hadithi za asili hupenda kuanzia ikulu. Ushahidi ulio imara ni ule wa enzi ya Song, na hapo tunaukuta mchezo sokoni, kati ya watu. Katika karne ya 13 mchezo wa vivuli ulikuwa pia Afrika: Ibn Daniyal, mzaliwa wa Mosul aliyeishi Cairo, aliandika michezo mitatu ya vivuli ambayo ipo hadi leo, iliyojaa walaghai, waganga wa uongo na watu wa sokoni.

Watawala hawakuwahi kutulia mbele ya mkusanyiko wa usiku. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, wakati wa uasi wa wakulima ulioitwa wa Yungiyungi Jeupe, utawala wa Qing uliwashuku wachezaji wa vivuli kwamba ni wachochezi, na katika sehemu mbalimbali ukaupiga mchezo marufuku. Miaka ya vita dhidi ya Wajapani (1937–1945) hofu hiyo ilithibitika kuwa na msingi, maana vikundi vya vivuli vijijini kaskazini vilibeba habari za upinzani. Mwaka 1942, huko Yan'an, Mao Zedong alieleza msimamo kwamba wasanii wawaendee wakulima, wafanyakazi na askari, wajifunze kwao kabla ya kuwafundisha. Baada ya 1949 vikundi vya serikali viliundwa na michezo mipya ikatungwa.

Kisha likaja kosa ambalo jarida la itikadi halina haki ya kulipita kimya. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, michezo ya zamani ilihesabiwa kuwa mabaki ya ukabaila. Vikundi vilivunjwa na masanduku ya sanamu yakachomwa moto. Wapo mafundi waliozificha zao. Sanaa iliyowahi kushukiwa na wafalme kwa kuwa ya wakulima sasa ilichomwa kwa jina la wakulima haohao. Mwaka 1994 mwongozaji filamu Zhang Yimou alitoa filamu ya Huozhe kutokana na riwaya ya Yu Hua, na akamfanya mhusika wake mkuu mchezaji wa vivuli, jambo lisilokuwamo katika riwaya. Sanduku la sanamu linaokoka vita, linaokoka kampeni ya kuyeyusha chuma ya mwaka 1958, lakini haliokoki Mapinduzi ya Utamaduni. Mwishoni, lile sanduku tupu linawekwa vifaranga. Filamu hiyo haikuruhusiwa kuonyeshwa katika kumbi za sinema za China.

Moto haukuumaliza mchezo. Baada ya 1976 masanduku yaliyofichwa yalifunguliwa na watu wakajaa tena. Kilichoupunguzia watu kilikuja taratibu bila amri ya mtu: televisheni ikaingia vijijini, na vijana wakaondoka kwenda kufanya kazi viwandani na katika ujenzi mijini. Mzee mwenye sauti akabaki bila wa kumrithisha. Mkoa wa Kigoma unaijua hali hii kwa uchungu wake wenyewe. Wakati wa ukoloni wanaume wa Kiha walichukuliwa kwa maelfu kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na anayeondoka miaka miwili au mitatu haondoki na jembe tu. Anaondoka pia na nafasi yake katika ngoma.

Mwaka 2006 China iliiweka sanaa hii katika orodha yake ya urithi wa taifa, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Hilo ni jema, mafundi wazee wamepata heshima na posho. Lakini leo katika mji wa Xi'an mgeni hukatiwa tiketi na kutazama kipande cha dakika chache, kisha hununua sanamu iliyokatwa kwa mashine na kuondoka nayo kama picha ya ukutani. Sanamu imehifadhiwa, lakini usiku mzima wa kijijini, pamoja na bei ya nafaka na mkusanya kodi, haumo katika tiketi ile.

NGUO TULIZOLETEWA SISI

Turudi nyumbani. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa sinema za kuelimisha Waafrika, makao yake Vugiri katika milima ya Usambara. Filamu zilitengenezwa humo na kuzungushwa kwa lori katika Tanganyika na nchi jirani. Nguo nyeupe iliwambwa kijijini, watu wakakaa gizani, mwanga ukaja. Kwa macho ya juu ni kama mchezo wa vivuli. Lakini mtoto aliyezunguka nyuma ya nguo hiyo hakumkuta mtu. Aliyemwambia baba yake namna ya kulima na kuweka akiba alikuwa mbali, hakuweza kuulizwa swali wala kujibiwa.

Baada ya Uhuru tulichagua wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 vijana wa Tanzania walipelekwa China kujifunza sanaa, na sanaa waliyojifunza ilikuwa sarakasi. Waliporudi, mwaka 1969 kikaundwa kikundi cha sarakasi cha taifa. Vijana wale walifanya kazi nzuri na wanafunzi wa wanafunzi wao wapo mpaka leo. Hata hivyo uchaguzi wenyewe unatufundisha jambo. Sarakasi hujaza uwanja wa mpira, huonekana kutoka jukwaa kuu, inapendeza mgeni wa heshima akiwapo. Mchezo wa vivuli hutosha ua wa nyumba moja. Kwa maoni yetu taifa changa lilihitaji uwanja, na ua ukasahauliwa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizipa umbo na ambazo baada ya Azimio la Arusha la 1967 zilienea shuleni kote. Zilianza kama mabishano ya hoja. Nyingi zikaishia kuwa salamu za kupokea viongozi, huku watoto wakiwa wamesimama juani.

Upo mfano tofauti. Mwaka 1982 na 1983, huko Malya mkoani Mwanza, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikaa na wanakijiji, wakachunguza nao matatizo ya vijana, na wanakijiji wenyewe wakayageuza kuwa michezo na ngoma. Baada ya onyesho palikuwa na mjadala, na mjadala ndio uliokuwa lengo. Kazi za namna hiyo zilifuata Bagamoyo na Msoga. Tukiulizwa ni wapi hapa kwetu mtu wa nyuma ya nguo amekuwa jirani, tutataja huko.

Na sasa imekuja nguo nyingine. Katika mkutano wa China na Afrika uliofanyika Johannesburg mwezi Desemba 2015 ulitangazwa mpango wa kupeleka televisheni za setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika, na Tanzania imo. Tamthilia za Kichina zimezungumzishwa Kiswahili tangu 2011. Hatusemi zisije, tunazitazama na tunacheka. Tunasema tu kwamba rafiki yetu ametuletea kile kilichoua mchezo wa vijijini kwake, na mchezo wenyewe hajatuletea. Yule kijana wa Kalinzi ndiye aliyegundua pengo hilo kwa swali lake.

KALINZI

Tulipokwisha kueleza haya, vijana walitaka kujaribu. Sababu yao haikuwa mapenzi ya vitu vya kigeni. Walikuwa na mchezo mfupi juu ya mnunuzi anayezunguka wakati wa shida na kununua kahawa ikingali maua, kwa bei ya kutupa, ili mavuno yakifika mkulima asiwe na cha kupeleka kwenye chama cha ushirika. Mchezo huo hawakuwahi kuucheza hadharani. Kijiji ni kidogo, na kila anayeigiza mnunuzi huonekana anamwigiza mtu fulani, kwa mwendo wake na kofia yake. Kivuli, walisema, hakina jina.

Tulimwomba ruhusa kiongozi mmoja, ambaye jina na ofisi yake havina umuhimu hapa. Alitaka kwanza auone mchezo peke yake. Tulijadiliana naye kwa muda mrefu. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: kumsema mtu asiyeweza kujibu ni uchochezi, na ugomvi wa kijiji ukianza hauishii kwenye nguo. Hoja yetu ilikuwa kwamba baada ya mchezo taa zote ziwashwe na mtu yeyote, akiwamo mnunuzi, apewe nafasi ya kusema, na kwamba mchezo uliokaguliwa na mtu mmoja utarudi kuwa salamu za mgeni. Hakukubali, wala hakukataa. Tunadhani atakuja kutazama akiwa amekaa mbele pamoja na wengine, na hapo ndipo panapomfaa.

Kuhusu taa, vijana wana maoni mawili. Wengine wanataka koroboi, kwa kuwa mwali unaotikisika huwafanya watu wa ngozi waonekane wanapumua. Wengine wanataka taa ya sola. Aliyetoka ufukweni aliongeza kwamba wakishuka ziwani kucheza kwa wavuvi wa dagaa wachague siku za mbalamwezi. Usiku wa giza wavuvi wote wako majini na taa zao wakivuta samaki, na kijijini hubaki wanawake na watoto. Lakini kukiwa na mbalamwezi nguo itabidi iwekwe ndani au chini ya mti mkubwa. Hilo hakuna kitabu cha China kilichotuambia.

Ngozi ya kwanza ilikuwa ya mbuzi. Waliikwangua siku tatu, wakamkata mnunuzi, kofia na tumbo, wakamweka mbele ya taa, na kwenye nguo likaonekana doa jeusi. Wakaipeleka kwa mzee mmoja anayewamba ngoma. Aliigeuza, akaipima kwa kidole gumba, akaiinua kuelekea mlangoni penye mwanga.

"Wajukuu zangu, hii mmeiachia mapema," alisema. "Hapa tumboni imekuwa laini. Mgongoni bado nene. Leteni maji."